Kilio cha Barabara ya Kibombo

Jumapili kunapambazuka, ukungu wa mto Lualaba bado umelala juu ya mabati ya mtaa wa Kasuku, mjini Kindu, na Hawa Yusufu anakohoa na kutema mate. Yanatoka na pumba. Jana jioni alioga, akasukutua, akaswali, lakini vumbi la mashine ya kukoboa mpunga halitoki kifuani kwa maji wala kwa dua.

"Njo kazi yangu hiyo," anasema, akikaza kitambaa kichwani. "Mupunga unakuwa mweupe, mimi nabaki na pumba."

Wenzake wanacheka, naye anacheka nao. Kisha kundi linaondoka, watu kumi na kitu wenye viatu vya kila aina, kushika barabara ya Kibombo. Wanapiga makofi na kuimba huku wakikimbia, kama ilivyo desturi ya klabu za mbio za hapa. Wanajiandaa kwa mashindano ya sikukuu ya uhuru. Hawa hana habari na mashindano. Yeye anataka kufika Kabuninga.

Kabuninga ni kijiji kando ya reli, mwendo wa asubuhi nzima kwa mkimbiaji wa polepole. Ndiko alikozaliwa. Mwaka 2002, akiwa na miaka kumi na mitatu, watu wenye bunduki waliingia kijijini na kila mtu akashika njia yake. Nyanya yake, Zaina Soudi, aliyemlea na ambaye hadi leo anamwita koko, alikuwa na mguu uliovimba. Alijikokota nao mpaka kwenye daraja la reli, akaketi.

"Alisema: muniache, mwende," Hawa anaeleza. "Baba mudogo akanitazama, mimi nikatazama chini. Tukaenda."

Anayasema hayo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Hakuna aliyerudi. Kama koko alizikwa, na kama alizikwa ni nani aliyemzika, Hawa hajui. Baadaye aliolewa mjini, akazaa, akafiwa na mume, na siku zote hizo hakuwahi kuukanyaga udongo wa Kabuninga.

Kwa nini asipande pikipiki, na Kindu imejaa pikipiki kama nzige? Swali hilo ameulizwa mpaka limemchosha.

"Nilipanda. Tukipita tu nyumba za mwisho, miguu inakufa, roho inaruka. Muendeshaji alizani niko na kifafa, akanirudisha mbio. Peke yangu siwezi. Nataka watu."

Watu hao alipewa na presha. Jeanne, muuguzi wa zahanati ya jirani, alimpima, akatikisa kichwa, akamwambia aje kukimbia nao. Kiongozi wa klabu ni Muhindo, muuza vipuri kutoka Butembo, mtu mnene kidogo kwa kazi hiyo, ambaye naye ana vita vyake asivyovisimulia.

Klabu ina kanuni moja. Wa mbele hawamngoji wa nyuma, wanamrudia. Mmoja akibaki, kundi lote linageuka, linampita, linazunguka nyuma yake na kumsukuma mbele kwa wimbo. Kwa hiyo wenye miguu mizuri hukimbia barabara hiyo hiyo karibu mara mbili. Wananung'unika, lakini wanageuka.

Kwa Hawa kanuni hiyo ni mateso. Kila wanapomrudia, anaona aibu mpaka machozi yanamlengalenga. Katika kundi ni Jeanne tu anayejua sababu: koko hakurudiwa na mtu.

Leo wamekwenda mbali kuliko siku zote. Nyumba zimekwisha, mashamba yamekwisha, kumebaki udongo mwekundu na majani marefu. Hawa anapumua kwa kukoroma. Kundi limeshamrudia mara nyingi. Sasa anasimama, anashika magoti, na anayoyasema hayasikii mwenyewe.

"Muniache, mwende."

Jeanne anasimama palepale kana kwamba amepigwa kofi.

"Hatukuachi, mama Hawa," anasema Muhindo.

"Naomba, papa Muhindo. Miguu imekwisha." Anaketi chini kando ya barabara.

Muhindo anamtazama, kisha anajishusha kwa taabu na kuketi karibu naye. "Na yetu imekwisha. Basi tunakaa."

Mmoja mmoja wanaketi vumbini. Hakuna anayeimba. Wamekaa hivyo, vichwa chini, ndipo anapotokea mtu anayesukuma baiskeli yenye magunia ya makaa. Anawaona watu wazima wameketi chini pamoja, kimya, mwanamke katikati anafuta macho. Anafikiri anavyofikiri mtu yeyote wa jimbo hili la Maniema: hapa kuna kilio cha msiba. Anavua kofia.

"Poleni. Munalilia nani?"

Muhindo anafungua mdomo kumsahihisha. Jeanne anamshika mkono.

"Zaina Soudi," anajibu Hawa. "Wa Kabuninga. Koko yangu."

Mtu yule anaegemeza baiskeli. Anasema rambirambi zake bila haraka, na kwa kuwa kwenye kilio mtu haji mikono mitupu, anafungua gunia, anachota makaa na kuyaweka miguuni pa Hawa. Kisha anaendelea na safari. Wakristo wanafanya ishara ya msalaba, Hawa anafungua viganja. Analia kwa sauti, kilio kilichochelewa zaidi ya miaka ishirini.

Kabuninga hawafiki. Wanarudi mjini kwa miguu, wakimshika Hawa kwa zamu, makaa yamefungwa ndani ya kitambaa chake.

Alasiri, uani kwake, chai inachemka juu ya makaa hayo. Wanakunywa wote. Kazi ya kukoboa ikipungua watajaribu tena, na Muhindo amekwisha kusema kwamba safari hiyo watalala njiani ikibidi. Hawa anataka kulifikia daraja, atandike mkeka, aombe dua, aulize wenyeji kama kuna aliyeona kaburi.

"Na nitamuomba koko musamaha," anasema. Anageuza kikombe mkononi. "Siku ile baba mudogo alibeba gunia la mupunga mgongoni. Leo mimi nabeba magunia kila siku pale mashineni, najua uzito wake. Koko alikuwa mwepesi kuliko gunia."