Bu Palupi na Kifungu cha Msiba

Barua ya kumwachisha Rumini kazi aliiandika Bu Palupi, yaani Mama Palupi, mwenyewe. Asubuhi aliipeleka kwa Pak Harjito, yaani Bwana Harjito mwenye kiwanda, ikatiwa saini, na kabla ya adhuhuri Rumini alikuwa amevua aproni yake na kuikunja vizuri juu ya meza ya kufungashia. Hakulia wala hakutukana. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Bu, wewe ungekuwa mimi, ungemwacha azikwe na majirani?"

Bu Palupi alisema huo ndio utaratibu wa kampuni. Maneno hayo yalimsumbua siku nzima, kwa kuwa alijua fika kwamba kampuni haikuwa na utaratibu wowote.

Kiwanda kile cha Sidoarjo, Indonesia, kilipoanza kutengeneza kerupuk, zile chipsi za kamba na unga wa muhogo, kilikuwa na watu tisa, na yeye alikuwa wa nne kuajiriwa. Utaratibu wote ulikuwa kichwani mwa Pak Harjito. Ukiuguliwa na mtoto, ulimfuata mzee pale kwenye tanuri, ukamweleza, akakwambia nenda. Mambo yalikwenda vizuri, maana mzee aliwajua wote, mpaka wakwe zao.

Miaka kumi na tisa baadaye walikuwa watu mia moja na arobaini, na nusu yao mzee hakuwajua hata kwa majina. Bu Palupi sasa alikuwa ndiye anayeshughulikia mambo ya wafanyakazi. Kila siku aliona anayejulikana akipewa ruhusa na asiyejulikana akiulizwa maswali. Wiki ile ile, dereva wa zamani alikuwa amepewa siku tano za kwenda harusini kwa binamu yake, Blitar. Rumini aliomba siku saba ili amzike Mbok Sarinten, jirani aliyemlea tangu ana miaka mitatu, na kumalizia dua zake. Pak Gunadi, msimamizi wa zamu, akamkatalia. "Huyo si mama yako," alimwambia. Rumini akaenda hivyo hivyo.

Kesho yake baada ya barua ile kutiwa saini, Bu Palupi aliingia ofisini kwa mzee.

"Pak, naomba tuandike kanuni za kazi."

"Kanuni za nini? Sisi hapa ni familia."

"Familia ya watu mia na arobaini? Huyo Rumini sura yake unaikumbuka?"

Mzee alipuliza kahawa yake kwa muda mrefu. "Haya, andika. Ila usituletee gazeti."

Alileta gazeti. Aliazima kitabu cha kanuni kwa rafiki yake wa kiwanda kikubwa cha Surabaya, akakinakili chote, kurasa arobaini, kisha akawasomea watu wakati wa chakula. Walipiga miayo. Kasiyem, mfungashaji mwenye ulimi mkali, alinyoosha mkono.

"Bu, humo kuna kifungu cha safari za ndege. Mimi hata Malang sijafika! Lakini cha mtu kuanguka kwa joto la tanuri hakimo."

Watu waliangua kicheko. Bu Palupi naye alicheka, ingawa masikio yalikuwa yanamwaka moto. Jioni hiyo alizitupa kurasa zote.

Baada ya hapo, kwa miezi miwili, alikula chakula cha mchana mkekani pamoja nao, wali na tempe ya soya iliyochachushwa, daftari likiwa pajani. Hakuwauliza wanataka nini. Aliwauliza yaliyowapata. Mmoja alifanya kazi akiwa amesimama mpaka mimba ikafika miezi minane, kwa kuogopa kuomba kiti. Mwingine alikuwa na miaka kumi na moja pale, asijue kama ni wa kudumu au kibarua.

Bu Palupi alimwacha Pak Gunadi awe wa mwisho, kwani bado alikuwa na hasira naye.

"Unafikiri napenda kuwakatalia watu?" msimamizi alimwambia. "Oda isipotoka, anayeitwa ofisini ni mimi. Hakuna aliyewahi kuniambia ninaruhusiwa kukubali nini. Kwa hiyo nakataa. Ukikataa hugombezwi."

Bu Palupi alifunga daftari. Siku zote alikuwa amemhesabu mtu huyu kuwa na roho mbaya, kumbe naye alikuwa anajihami tu, kama yeye alivyojihami kwa neno "utaratibu".

Kanuni mpya zilitoka kurasa kumi na mbili. Mzee alizisoma akiitikia, hadi alipofika kwenye kifungu cha msiba: mzazi ni aliyekuzaa au aliyekulea.

"Palupi! Kila mtu atakuwa na mama sita, na wote watakufa karibu na Idi, oda zikiwa juu!"

"Kila mtu ataandika majina yao siku anapoajiriwa, Pak. Wa zamani wataandika mwezi huu. Baada ya hapo hakuna kujipatia mama mpya."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kisha akafuta siku saba za ruhusa, akaandika tatu. Walivutana wiki nzima, wakaishia kwenye tano. Akatia saini.

Bu Palupi alipanda pikipiki hadi Tulangan. Alimkuta Rumini akiuza pecel mlangoni kwake, akimimina mchuzi wa karanga juu ya mboga.

"Barua ile niliiandika mimi," Bu Palupi alisema. "Nikasema ni utaratibu, na haukuwepo. Nimekosa. Nafasi yako ipo ukiitaka."

Akampa ukurasa wa kifungu cha msiba. Rumini alikisoma mara mbili, akaurudisha.

"Ni kizuri, Bu. Lakini sirudi. Siku ile navua aproni, wote walitazama chini, hata niliokula nao sahani moja. Hilo halina kifungu."

Akampakulia pecel, wakala wakiongea habari za watoto.

Mwaka wa kwanza watu saba walikitumia kifungu kile. Mmoja alidanganya, na Bu Palupi akampa barua ya onyo, safari hii akiujua ukurasa unaomruhusu. Asubuhi moja akaja mfanyakazi wa tanuri, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Bu, mke akijifungua kanuni inasema siku mbili. Sasa wa kwangu wametoka pacha."

"Kwa hiyo?"

"Si ziwe nne?"

Bu Palupi alicheka, akamsogezea kiti. "Kaa kwanza. Huko nyumbani mkeo yuko na nani?" aliuliza, akafungua daftari.