Cheti cha Lenzi cha Mwalimu Felista

Siku ya kwanza kazini nilifika Ifakara saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikakuta mlango wa kitengo cha macho cha hospitali umefungwa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimehitimu upimaji wa macho, na njiani tangu Kidatu nilikuwa nikijiuliza kama koti langu jeupe nimelikunja inavyotakiwa.

Mganga Mfawidhi wa Macho alipofika alinitazama. "Umelala hapa?"

"Hapana, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kesho lala. Nguvu utazihitaji."

Upimaji wetu ulikuwa hivi: mgonjwa anakaa mita sita kutoka kwenye ubao wa herufi, unamvika fremu ya majaribio, kisha unabadilisha vioo ukiuliza, "Hiki au hiki?" Leo mna mashine. Sisi tulitegemea jibu, na jibu la bonde la Kilombero lilikuwa la adabu: "Vyote vizuri, daktari." Kumwambia mtaalamu kwamba kioo chake hakifai ilikuwa utovu wa heshima. Kwa kuwa sikuamini, nilirudia swali mara kumi, na foleni ikanung'unika: "Huyu kijana anapima au anahoji wezi?"

Ndipo akaja Mwalimu Felista wa Mngeta, mwalimu wa darasa la tatu. Alikuwa amebadilishiwa miwani mara tatu ndani ya miaka miwili, na kila mara aliondoka akisema "afadhali". Safari hii alikuja na habari mbaya. Mwalimu Mkuu alikuwa amemwambia kwamba asipoweza kusoma madaftari kufikia muhula ujao, atatolewa darasani apelekwe stoo.

"Mimi wa kutunza majembe?" aliniuliza.

Mganga Mfawidhi aliniambia nimbadilishie namba ya miwani aende. Nikambadilishia.

"Afadhali, mwanangu," alisema, huku amekunja shingo na kufinya macho.

Nikarudisha kioo mezani. "Mwalimu, leo mimi ni mwanafunzi wako. Kila kioo kipe alama juu ya kumi."

Alicheka, kisha akaketi wima na sauti ikabadilika. "Mbili." Nikaweka kingine. "Mbili." Kingine. "Sifuri. Na usinitazame hivyo, ungesoma!"

Nje foleni iliangua kicheko.

Nikampa kadi yenye tundu dogo kama la sindano achungulie. "Saba!" alisema, akashangaa mwenyewe. Tundu hilo hupitisha mwanga kidogo tu, ulionyooka. Alipoona vizuri kupitia hapo nikajua jicho la ndani ni zima, na tatizo huenda liko kwenye konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Nikawasha retinoskopu, tochi ya kusomea mwanga unaorudi kutoka ndani ya jicho. Vivuli viwili vilifunguka na kujifunga kama mkasi.

Mganga Mfawidhi alichungulia muda mrefu. "Konea imechongoka," alisema. "Na mimi miaka miwili nampa miwani, wakati miwani hainyooshi konea." Hakujitetea. Nilimheshimu zaidi tangu siku hiyo.

Dawa ya Mwalimu Felista ilikuwa lenzi ngumu za kuvaa jichoni, zilizopatikana Dar es Salaam tu.

"Kwenye vumbi la mpunga?" aliuliza mzee. "Nani atamfundisha kuzisafisha?"

"Mimi."

Cheti cha lenzi si cha miwani. Miwani hukaa mbali kidogo na jicho, lenzi hulala juu yake. Kwa hiyo namba hubadilika, na lazima uandike pia mkunjo wa konea na upana wa lenzi. Nilipima mkunjo mara saba. Niliandika cheti, nikakichana, mara nne.

"Ukichana tena," alisema mzee, "utamwandikia kwenye kiganja."

Miezi miwili baadaye Mwalimu Felista alirudi amevaa lenzi. Alisoma ubao mpaka mstari wa chini, kisha akamgeukia Mganga Mfawidhi. "Kumbe daktari una mvi!"

"Mmenipa ninyi," alijibu mzee, akajishika kichwa.

Stoo hakwenda. Mimi nilihamishiwa Mlimba, kisha nikarudi Ifakara kuwa mkuu wa kitengo, hadi nilipostaafu kwa hiari. Bado huamka nikijiuliza kama kuna namba niliyokosea. Lakini mwaka mmoja nilikwenda Mngeta kupima macho ya wanafunzi, na mtoto mmoja wa darasa la tatu alininong'oneza, "Daktari, Mwalimu Felista anaona mpaka anayetafuna miwa dawati la nyuma. Mpunguzie." Nishani sikupewa kazini. Lalamiko hilo linanitosha.