Kigoda Kilichozungushiwa Kamba

Asubuhi ile ya mwaka wa sabini na nane, Mama Chileshe alitoka mtaani kwake Katuba kwa miguu kwa ajili ya kigoda tu. Jirani yake Ngalula alikuwa amekiona katika makumbusho mapya ya samaki wa mikebe, yaliyofunguliwa ndani ya kiwanda kilekile kilichowafukuza.

Kiwanda kile hakikuwapa wanawake viti. Kila mmoja alikuja na chake kutoka nyumbani, akakikalia miaka yote akipasua samaki wa Kasenga na kuwapanga mikebeni. Siku ya kufukuzwa, milango ilifungwa saa ya chakula, wanawake wakiwa nje wanakula mihogo. Viti vikabaki ndani. Miaka kumi na tisa ya kazi, na hata kigoda alichoachiwa na mama yake kule Kambove wakamnyima.

Sasa kilikaa juu ya meza yenye kitambaa cha kijani, kimezungushiwa kamba, na kibao mbele yake. Chileshe hakujua kusoma.

"Banaandika nini pale?" alimwuliza Kabwe, mzee aliyewatembeza wageni.

"Kiti ya direkta wa kwanza."

"Ule direkta alikuwa na matako ya mutoto?"

Kabwe alikohoa. "Mama, ni vile banaandika."

"Pindua. Chini utaona musalaba. Baba alichoma na chuma ya moto."

"Hapana ruhusa. Vitu ya musée, ni direkta tu anaweza kugusa. Na sasa anakuya na bageni ba Kinshasa. Uende mbele, mama."

Chileshe akavuka kamba, akakishusha kigoda, akakikalia. Kiliyumba kidogo upande wa kushoto, kama siku zote.

Wageni wakaingia, mbele yao mkurugenzi katika abakosti, suti isiyo na tai, iliyombana tumbo. Ndiye aliyefunga milango siku ile.

"Huyu ni nani?"

Jasho lilimtoka Kabwe. "Iko... iko kitu ya musée, citoyen direkta. Mufanyakazi wa zamani. Tumeongeza leo."

Wageni wakapiga makofi. Mmoja alimzunguka, akainama kutazama visigino vyake.

"Anasemaka?"

"Ukimuuliza," alisema Kabwe.

Wakamtaka aonyeshe kazi. Samaki hakuna, kisu hakuna. Chileshe akapasua hewa, akaitoa matumbo, akaipanga mkebeni mkia kwa kichwa.

"Ule ni fundi yetu," alisema mkurugenzi, ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kumwuliza jina.

"Na vichwa, mulikuwa munatupa?" mgeni aliuliza.

"Hapana, citoyen. Tulikuwa tunabafanya badirekta."

Wageni walicheka sana. Mkurugenzi naye alicheka, kwa kuchelewa kidogo, kisha akawapeleka chumba cha mikebe mitupu.

Kabwe alibaki nyuma. Chileshe akakipindua kigoda. Msalaba ulikuwapo, mweusi.

"Umeona?"

"Sikuona kitu," alisema Kabwe, akitazama dari.

Chileshe akakitwika kichwani, akatoka. Langoni mlinzi alinyoosha mkono.

"Mama, kitu ya musée inatoka na karatasi. Iko wapi?"

"Uliza bageni ba Kinshasa. Hata mimi niko kitu ya musée. Ni direkta tu anaweza kunigusa."

Mlinzi aliijua sheria hiyo vizuri. Akarudisha mkono haraka, akauficha mgongoni, akasukuma lango kwa goti.