Damu bado inasema wapo

Jamani, leo nimelia maabara mbele ya watu, mtoto mgongoni.

Dawa za bakteria wa tumbo nilishamaliza. Nimerudi kupima damu, jibu lilelile: bado wapo.

Tangu niugue, mama mkwe ananipakulia peke yangu, eti nisiwaambukize. Wenzangu wanakula sinia moja.

Mpimaji akaniuliza, "Dada, unalia nini?"

"Sijapona."

"Nani kasema? Damu huonyesha hata ukishapona. Kesho lete choo, ndicho kitatuambia."

Nikacheka na machozi yangu!

Nyumbani nimemweleza mama mkwe. Akasema, "Haya, tungoje hiyo kesho."

Sasa hivi wanakula ugali na samaki wa mgebuka, nawasikia wanacheka. Mimi niko jikoni na kisahani changu.

Aliyewahi kupima choo baada ya dawa, niambie, ulikuta umepona?