Mgawa Mahindi wa Bahi

Mzee anayetugawia mahindi ya msaada hapa shuleni hapasui gunia kwa kisu. Hupapasa mshono kwa kidole gumba, akavuta uzi, gunia likafunguka bila kuchanika. Magunia matupu huyakung'uta, na jioni huyaunganisha kwa sindano akinung'unika wimbo wa kanisani. Sisi tuliobomolewa nyumba na mafuriko tulisema huyu atayauza tu.

Leo maji yamepungua. Vijana wawili walitoka kwenye majaruba ya mpunga, matope hadi kifuani.

"Shikamoo, babu. Tumeupata mwili wa jirani yetu Anyesi. Tunaomba kitu cha kuufunikia."

"Marahaba. Mkubwa au mtoto?"

Akafungua kabati la darasa. Nilichungulia ndani. Magunia yalikuwa yamekwisha kushonwa: marefu, mafupi, na mengine ya kumtosha mtoto mchanga.