Dakika Moja ya Kompyuta, Newala

Jumanne iliyopita, katika ofisi moja ya vyeti mjini Newala, nilimkuta mama amekumbatia pochi mbele ya karani. Basi la Mtwara lingeondoka saa tano, na bila cheti cha kuzaliwa binti yake asingesajiliwa chuoni. Saa nne na nusu ilikuwa imeshapita.

Karani alikuwa amebakiza mistari miwili ya fomu kwenye kompyuta aliponiona. Aliacha kibodi, akasimama, akakunja mikono kifuani kwa heshima.

"Shikamoo, Baba."

Nikaitikia, nikauliza hali ya nyumbani, mikorosho na mvua. Alipoketi, kioo kilikuwa kimejaa picha ya maua na kinadai neno la siri. Fomu ilikuwa imefutika.

"Mara ya tatu hii," mama alilalamika. "Kila mzee akiingia, maua yanachanua!"

Karani akampigia fundi wa kompyuta, naye akaeleza kwamba mashine ni nzima. Ikiachwa dakika moja bila kuguswa hujifunga, na mpangilio huo hauwezi kubadilishwa pale ofisini. Nilitazama saa yangu, nikakadiria: salamu zetu zilichukua dakika moja na nusu.

"Si ungeniamkia umekaa?" nilimuuliza karani.

"Mzee, jamani! Nikuamkie huku nabonyeza?"

Akaingiza neno la siri, akaanza fomu upya. Mara akaingia babu mwingine. Karani akasimama. Mama akapitisha mkono juu ya kaunta, akashika kipanya.

"Wewe amkia, mwanangu. Mie nasogeza."

Walisalimiana mpaka habari za mbuzi. Maua hayakutokea, na cheti kilitoka saa tano kasoro dakika kumi.

Aliyepanga ile dakika moja aliwafikiria wezi wa taarifa. Hakufikiria kwamba Newala watu huamkiana.