Tiki ya Mwalimu Mugure

Mugure alifundisha ufugaji katika chuo chetu hapa Nakuru, nami hesabu. Tuliketi ofisi moja kwa miaka sita. Mwaka wa 2007, chuo kilipoanza kupokea kazi za wanafunzi kupitia mtandao, ni yeye aliyepanga kila kitu. Sisi wengine tuliiogopa hata hiyo mashine yenyewe.

Mpango wake ulikuwa hivi: mwanafunzi anachora zizi la ng'ombe la kwao, anatuma rasimu, Mugure anaandika maoni chini yake, mwanafunzi anarekebisha, kisha anatuma nakala ya mwisho. Asiyetuma ya mwisho hapati alama. Na kwa kuwa wanafunzi walizoea kunakili mazizi ya wenzao, aliongeza kisanduku cha kuwekwa tiki: "Zizi hili lipo kwetu na linaweza kukaguliwa." Bila tiki, kazi haiendi. Nilimwambia amezidi. Akanijibu kwamba mimi sijawahi kusahihisha zizi lile lile mara kumi na tisa.

Kabla ya Krismasi, Jeruto, msichana mpole wa upande wa Njoro, alituma rasimu yake. Mugure akamwandikia: "Mchoro mzuri. Ukienda nyumbani, pima zizi lenu kwa futi, uongeze vipimo kamili."

Kisha ukaja uchaguzi, na ghasia zilizofuata. Chuo kilifunguliwa Machi. Mugure alirudi kazini akiwa amemwacha dada yake na watoto watano sebuleni kwake. Walikuwa wametoka Molo na nguo walizovaa tu. Chai yake ilipoa mezani kila siku. Ilinikasirisha, labda kwa sababu mimi pia nilikuwa nimekufa ganzi vivyo hivyo.

Asubuhi moja Jeruto akasimama mlangoni, amevaa sweta iliyomzidi.

"Madam, ile kazi bado naeza kutuma? Nikikosa hiyo marks sita-graduate."

"Deadline ilipita," Mugure akasema. "Lakini nitakufungulia. Kuja ukae hapa."

Jeruto akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaanza kuandika kwenye kompyuta. Urefu futi ishirini na nne. Upana kumi na mbili. Mlango nne. Alitueleza, bila kuulizwa, kwamba walipima siku ya Boxing Day, babake akishika upande ule mwingine wa kamba. Alipofika kwenye kisanduku, mkono ukasimama.

"Hapa nayo siwezi, Madam. Walichoma."

Mugure hakuuliza ni akina nani. Miezi ile, watu wa kabila la Mugure na wa kabila la Jeruto hawakuulizana swali kama hilo.

"Weka tu tiki," nikaingilia. "Nani ataenda kukagua?"

"Lakini haiko, mwalimu," Jeruto akanijibu.

Niliona haya. Mugure akavuta kiti, akaingia kwenye mpango wake, akakifuta kile kisanduku kwa darasa zima, wanafunzi arobaini na mmoja. Jeruto akatuma kazi yake, akashukuru, akaenda.

Mugure akafungua sehemu ya maoni. Akaandika: "Vipimo ni kamili."

Halafu akachukua karatasi, akachora zizi la dada yake kule Molo, mlango na hori, vizuri kabisa. Akataka kuandika urefu, akashindwa. Hakuna mtu aliyewahi kulipima.